Majengo yapaa, huduma za usalama zasalia nyuma: Wajibu wa bunge la kaunti

KILA kaunti nchini Kenya ina madaftari mawili ambayo aghalabu hayakutanishwi mezani. La kwanza ni la vibali vya ujenzi na ada zinazotozwa wastawishaji. La pili ni la huduma zinazolinda uhai wa wakazi: magari ya zimamoto, taa za barabarani, mitaro ya maji ya mvua na maafisa wa kukagua majengo.

Daftari la kwanza limekuwa likinenepa mwaka baada ya mwaka. Katika mitaa ya Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi, Ruaka katika Kaunti ya Kiambu na Nyali mjini Mombasa, nyumba za familia moja zimebomolewa na maghorofa kuinuliwa mahali pake. Swali ambalo huulizwa nadra ni iwapo daftari la pili limekua kwa kiasi hichohicho.

Hesabu yake si ngumu. Barabara yenye nyumba 20 za familia moja ikigeuzwa kuwa barabara ya majengo 20, kila moja likiwa na nyumba 60, familia zitakazoishi hapo zitakuwa 1,200. Iwapo bomba la majitaka, upana wa barabara na umbali wa kituo cha zimamoto vitabaki vilevile, hatari itakuwa imeongezeka ingawa kila jengo lina kibali halali.

Kazi ya kuyakutanisha madaftari hayo mawili ni ya bunge la kaunti.

Urithi wa mabaraza

Kabla ya mwaka 2013, majukumu haya yalikuwa mikononi mwa serikali za mitaa zilizoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Kulikuwa na mabaraza 175 ya majiji, manispaa, miji na wilaya. Madiwani walipitisha bajeti na sheria ndogondogo, lakini mamlaka makubwa yalikuwa ya Waziri wa Serikali za Mitaa, aliyeweza hata kulivunja baraza.

Madiwani hao walikuwa pia watekelezaji. Kamati za baraza ndizo zilizoamua ni ramani ipi ya jengo ipitishwe na ni nani apewe zabuni. Kwa hivyo aliyeamua ndiye aliyetarajiwa kujikagua.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mpango huo. Baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, mabaraza yalitoweka na kaunti 47 zikachukua nafasi yake. Gavana na mawaziri wake walipewa utekelezaji, ilhali wawakilishi wa wadi, ambao wananchi wengi wangali wanawaita madiwani, walipewa kazi tatu: kuwakilisha, kutunga sheria na kuikagua serikali ya kaunti.

Kifungu cha 185 cha Katiba kinasema bunge la kaunti linaweza kuifanyia uangalizi serikali ya kaunti huku likiheshimu mgawanyo wa mamlaka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inamkataza mwakilishi wa wadi kujihusisha, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, na kazi za utekelezaji. Mwakilishi anayejitafutia zabuni ya kuweka taa za barabarani katika wadi yake hawezi tena kuwa mkaguzi mwaminifu wa taa hizo.

Usalama upi ni wa kaunti?

Wengi hudhani usalama ni suala la polisi pekee na kwamba kaunti haihusiki. Ni kweli kwamba Huduma ya Taifa ya Polisi iko chini ya serikali ya kitaifa. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti orodha ndefu ya huduma ambazo zikikosekana raia hupoteza maisha.

Miongoni mwazo ni huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga, taa za barabarani, barabara za kaunti, uegeshaji wa magari, uondoaji wa maji ya mvua katika maeneo yenye majengo, maji na majitaka, pamoja na leseni za vileo. Upangaji wa miji na ujenzi wa nyumba umo katika orodha hiyohiyo.

Kwa maneno mengine, ofisi inayompa mstawishaji kibali cha kujenga orofa 15 na ofisi inayopaswa kuwa na ngazi ya kuzifikia orofa hizo moto ukizuka ziko chini ya gavana mmoja. Hakuna wizara ya kitaifa ya kusingiziwa.

Isitoshe, kaunti haikuachwa nje kabisa katika masuala ya polisi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kinataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana au mwanachama wa serikali yake aliyeteuliwa naye, na bunge la kaunti huteua wawakilishi wawili wa kuketi ndani. Kazi zake ni pamoja na kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kupendekeza malengo ya polisi katika kaunti na kukuza ushirikiano wa polisi na raia.

Mkutano wa mamlaka kama hiyo ndio mahali pa kuuliza ni vichochoro vipi vina visa vingi vya wizi wa usiku, kisha jibu lipelekwe kwa idara ya taa za barabarani ili lipangiwe bajeti.

Fedha za wastawishaji

Kwa upande wa mapato, Kifungu cha 209 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, na pia ada za huduma zinazotolewa. Kifungu cha 210 kinaongeza sharti kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kuondolewa au kubadilishwa pasipo sheria. Ndiyo maana kila bunge la kaunti hupitisha Sheria ya Fedha yenye viwango vya kupitisha ramani, kubadilisha matumizi ya ardhi, kukagua jengo na kuweka mabango.

Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996, inaipa kaunti uwezo wa kumtoza mstawishaji ada na pia kumwekea masharti katika kibali chake. Masharti hayo yanaweza kuhusu maegesho, njia ya kupita, mitaro au ardhi ya kuachiwa umma katika miradi mikubwa.

Mizozo kuhusu ardhi ya namna hiyo si jambo geni. Mwaka 2024, serikali ya Kaunti ya Kiambu na kampuni ya Tatu City zilivutana hadharani kuhusu ekari 54. Kaunti ilisema ardhi hiyo ilipaswa kutengewa huduma za umma, nayo kampuni ikapinga matakwa hayo. Bila kuamua nani alikuwa na haki, mvutano huo ulidhihirisha pengo moja: pale ambapo mchango wa mstawishaji haujaandikwa wazi, kiasi chake na matumizi yake yakijulikana tangu siku ya kibali, kila upande hubaki na tafsiri yake.

Sheria hiyo ya 2019 ina kipengele kingine ambacho wakaguzi hawafai kukisahau. Ombi la kibali lisipojibiwa kwa maandishi katika muda wa siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Nia ilikuwa kuwakinga wastawishaji dhidi ya urasimu na hongo. Lakini katika ofisi yenye wapangaji wachache na maombi mengi, kimya cha karani kinaweza kugeuka kuwa idhini ya jengo ambalo hakuna mtaalamu aliyelichunguza.

Jinsi pesa zinavyopoteza jina

Mstawishaji akilipa ada yake, pesa huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti ulioanzishwa na Kifungu cha 207 cha Katiba. Haziwezi kutolewa humo isipokuwa kwa sheria ya matumizi iliyopitishwa na bunge la kaunti na kwa idhini ya Mdhibiti wa Bajeti.

Utaratibu huo ni mzuri kwa kuzuia wizi wa waziwazi. Kasoro yake ni kwamba shilingi ya mstawishaji ikishaingia humo hupoteza jina. Huchanganyika na ada za maegesho, leseni za biashara na mgao kutoka hazina kuu, kisha huweza kulipa mishahara, marupurupu ya safari au madeni ya miaka iliyopita. Mkazi wa barabara iliyoongezewa familia 1,180 hana njia ya kujua iwapo hata shilingi moja ilirudi kupanua mtaro wa barabara hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika suala hili daftari lipo, ila limeandikwa kwa namna isiyomwezesha msomaji kufuata mali yenyewe.

Suluhu haihitaji kubadilisha Katiba. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu, mradi serikali ya kaunti na bunge lake viidhinishe. Mfuko wa miundomsingi unaotokana na ada za ustawishaji unaweza kuwekewa sheria kwamba kila mwaka uchapishe orodha ya miradi iliyotozwa, kiasi kilicholipwa, mahali na kazi iliyofanywa.

Hata pasipo mfuko, bunge linaweza kudai orodha hiyo kwa azimio la kawaida. Kinachohitajika ni mwakilishi wa kuiuliza na kamati ya kuifuatilia.

Meno ya bunge la kaunti

Mara nyingi husemwa kwamba mabunge ya kaunti hayana meno. Katiba haikubaliani na dai hilo.

Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au habari, wakiwa na mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu katika kuwalazimisha mashahidi kufika na kuleta nyaraka. Afisa mkuu wa mipango ya miji, mkuu wa kikosi cha zimamoto na hata mstawishaji mwenyewe wanaweza kuitwa katika kikao kimoja.

Vilevile, bunge huwapiga msasa wanaoteuliwa kuwa mawaziri wa kaunti, na chini ya Kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Kaunti linaweza kuanzisha hatua ya kumwondoa waziri aliyekiuka sheria au kushindwa na kazi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zikiwasilishwa, Kifungu cha 229 kinalitaka bunge lizijadili na kuchukua hatua katika muda wa miezi mitatu.

Kuna sababu nyingine ya kulihimiza bunge la kaunti. Kifungu cha 96 kinapozungumzia uangalizi wa Seneti, kinataja mapato ya kitaifa yaliyogawiwa kaunti. Ada za wastawishaji ni mapato ya kaunti yenyewe. Mlinzi wake wa kwanza ni mwakilishi wa wadi, na huyu akisinzia, si rahisi kwa mlinzi mwingine kugutuka kwa wakati.

Udhaifu basi uko katika matumizi ya mamlaka hayo. Kamati ya mipango na ardhi huketi peke yake, ya bajeti peke yake, na ile inayoshughulikia majanga peke yake. Ya kwanza huuliza kuhusu vibali bila kujua kikosi cha zimamoto kina magari mangapi yanayofanya kazi. Ya mwisho hulalamikia ukosefu wa magari bila kujua ada za ujenzi zilileta kiasi gani. Serikali ya kaunti inapojibu kila kamati kivyake, hakuna anayeiona picha nzima.

Gharama ya kutouliza

Madhara ya pengo hilo si ya kufikirika. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la orofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, karibu na mto. Takriban watu 50 walifariki. Jengo hilo lilikuwa limewekwa alama ya kubomolewa, lakini wapangaji walikuwa wangali wakiishi ndani. Uamuzi ulikuwepo katika karatasi, ila hakukuwa na wa kuhakikisha unatekelezwa.

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika kituo cha kujazia mitungi eneo la Mradi, Embakasi. Watu kadhaa walikufa na wengine zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kitaifa ya Kawi na Petroli, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo hapo mara tatu mwaka 2023 kwa sababu za kiusalama. Nayo mamlaka ya mazingira, NEMA, ilisema baadaye kwamba leseni yake ilitolewa kinyume cha utaratibu, na ikawasimamisha kazi baadhi ya maafisa.

Katika mkasa huo ofisi moja ilikataa na nyingine ikakubali, huku nyumba za watu zikiwa jirani. Mikasa yote miwili ilihusu mambo yaliyokuwa yameandikwa mahali fulani kabla ya vifo. Kilichokosekana ni kikao cha hadhara ambapo maandishi hayo yangewekwa pamoja na mtu mmoja kulazimika kuyatolea maelezo.

Nairobi ilikuwa na tatizo la ziada. Kwa mkataba wa Februari 25, 2020, majukumu manne ya kaunti, yakiwemo upangaji wa miji na kazi za umma, yalikabidhiwa serikali ya kitaifa na kusimamiwa na idara iliyoitwa NMS hadi mwaka 2022. Katika kipindi hicho, mwakilishi wa wadi aliyetaka maelezo kuhusu kibali alilazimika kwanza kutafuta ni nani wa kumjibu.

Walivyofanya Waingereza

Sheria za mipango ya miji za Kenya zina asili yake katika zile za Uingereza, kwa hivyo inafaa kutazama jinsi mabaraza ya huko yalivyojaribu kuziba ufa huohuo.

Tangu Sheria ya Mipango ya mwaka 1990, baraza nchini humo linaweza kufanya makubaliano na mstawishaji ili achangie shule, barabara au huduma nyingine zitakazolemewa na mradi wake. Mwaka 2010 ulianza utaratibu wa tozo ya miundomsingi, inayokadiriwa kwa ukubwa wa jengo. Mabaraza ya England yanayopokea michango hiyo hutakiwa kuchapisha taarifa kila mwaka, kufikia Desemba 31, ikionyesha kiasi kilichopokewa, kilichotumika na kilichosalia. Taarifa za kwanza zilitolewa mwaka 2020.

Aidha, asilimia 15 ya tozo hiyo hurudishwa katika mtaa ulioubeba mradi, kwa kuzingatia ukomo uliowekwa, na hupanda hadi asilimia 25 pale ambapo wakazi wameshapitisha mpango wao wa mtaa. Kuhusu usalama, sheria ya mwaka 2006 ililazimu mabaraza kuwa na kamati ya kuhoji ushirikiano wa polisi, zimamoto na baraza lenyewe katika kupambana na uhalifu.

Mfumo huo haukuyakinga mabaraza yote dhidi ya matatizo ya kifedha. Hata hivyo, mkazi wa huko huanza na karatasi iliyochapishwa, ambapo mwenzake wa Kenya huanza na uvumi. Kaunti zetu zinaweza kuiga sehemu hiyo moja bila kuiga mengine.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi hana haja ya kungoja hadi mwakilishi wake azinduke. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ofisi ya umma inatakiwa kujibu ombi katika siku 21, na katika saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi kuhusu jengo linaloonyesha nyufa lina nafasi nzuri ya kuangukia kundi hilo la pili.

Pia, wakazi wana haki ya kuwasilisha malalamishi rasmi kwa bunge la kaunti, ambayo ni tofauti na kumpigia mwakilishi simu au kumsimamisha katika hafla ya mazishi. Malalamishi rasmi husajiliwa na kupelekwa kwa kamati.

Wakati unaofaa una kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa kufikia Septemba 1. Waraka wa mwelekeo wa fedha hufika bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili yapitishwe kabla ya Juni 30. Anayelalamika mwezi wa Julai kwamba mtaa wake haukutengewa gari la zimamoto atakuwa amechelewa kwa mwaka mzima.

Maswali yenyewe yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Ni vibali vingapi vya maghorofa vilivyotolewa katika wadi mwaka uliopita, na vingapi kati yake vilipita kwa kimya cha siku 60? Ada zilizolipwa ni kiasi gani, na zimefanya kazi gani katika wadi hiyo? Kituo cha zimamoto kilicho karibu kiko umbali gani, na ngazi yake hufika orofa ya ngapi? Ni majengo mangapi yaliyowekwa alama ya kubomolewa ambayo bado yana wapangaji?

Kaunti yenye majibu ya maswali hayo haitapungukiwa na lolote kwa kuyachapisha. Isiyo na majibu itakuwa imelionyesha bunge lake pa kuanzia kazi.